Kitasa Kwenye Meza ya Zawadi

Ijumaa ya likizo fupi ya katikati ya muhula, Millicent Ajwang aliamka jua likiwa limeshaingia hadi jikoni. Ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi huko Kangemi, na nyumba yake iko Woodley, ambako majirani hujuana kwa majina ya mbwa wao. Alikunywa chai polepole kama mtu asiyedaiwa na kengele, kisha akampigia simu Mwongeli, mwalimu mwenzake wa hisabati.

"Niaje, Mwalimu? Bado uko kitandani?"

"Niko, na sitoki mpaka uniambie tunakula wapi."

Kwanza walikuwa na shughuli mjini. Kitasa cha mlango wa bafu la Ajwang kilikuwa kimekufa tangu mwezi uliopita, na kila aliyeingia humo ilibidi aimbe ili wengine wajue kuna mtu. Mumewe, Dalmas, hana sauti ya kuimba. Kwa hiyo wakaenda River Road, wakachagua kitasa kizito cha shaba. Muuzaji alikuwa ameishiwa mifuko, akakifunga kwa karatasi ya dhahabu aliyoomba kwa jirani yake mchapishaji wa kadi za harusi.

Kutoka hapo wakapanda hadi Westlands, kwenye mkahawa wa Kihindi ambao Mwongeli alikuwa amesikia ukisifiwa.

"Lakini hawapiki nyama," Mwongeli alionya.

"Hata samaki?"

"Hata wa kunusa."

Ajwang, aliyelelewa kando ya ziwa, alishusha pumzi, lakini njaa ikamsukuma ndani.

Mlangoni alisimama msichana aliyevaa sari ya kijani. Alipowaona uso wake ulichangamka. "Nyinyi ndio walimu?"

Wakatazamana. "Ndiyo, sisi ni walimu," Mwongeli akajibu.

Msichana akawavika mashada ya maua, akaupokea mzigo wa Ajwang kwa mikono miwili, akawapeleka kwenye meza ya mbele. Ajwang hakushtuka, hata supamaketi hukuwekea mzigo wako mlangoni.

"Amejuaje sisi ni walimu?" alinong'ona.

"Uso wa chaki haufutiki," Mwongeli akasema.

Hakuna aliyewaletea menyu. Chakula kilikuja chenyewe: puri za ngano zilizofura kama puto, dengu, viazi vya bizari, bhajia, mtindi baridi. Ajwang alikula, akaongeza, akala tena. Alikuwa ameinua puri ya nne pale bibi mmoja mwenye mvi aliposhika kipaza sauti.

"Mimi ni Hemlata, nyanya yake Viraj," alisema. "Leo tunasherehekea uchumba wake. Viraj akiwa mdogo alikuwa anajificha chini ya dawati kila saa ya Kiswahili. Leo anafanya biashara na Kenya nzima kwa Kiswahili. Walimu waliomtoa chini ya dawati wako hapa. Walimu, simameni!"

Ukumbi mzima ukageukia meza ya mbele. Mwongeli akaacha kutafuna. Ajwang akainuka.

"Mama, samahani sana. Sisi ni walimu kweli, lakini si wa Viraj. Tulikuja tu kula."

Halafu kijana mmoja aliyevaa kilemba chekundu akaangua kicheko.

"Mimi ndiye Viraj. Nimewaangalia tangu mlipoingia, siwakumbuki. Nikaogopa kuuliza, mngesema sikuwa nasikiliza darasani!"

"Basi na mimi niseme yote," Ajwang akaendelea, akiionyesha meza ya zawadi kando ya ukuta, ambako mzigo wake ulikuwa umewekwa. "Ile ya dhahabu pale si zawadi. Ni kitasa cha bafu langu."

Hapo ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Mwongeli aliinuka kutafuta pochi alipe waondoke, lakini Hemlata akamshika mkono.

"Mgeni aliyekwisha kula kwangu haondoki hivyo. Kaa. Lakini mwalimu wa Kiswahili atulipe methali moja ya hawa maharusi."

Ajwang akafikiri kidogo. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Viraj akaitafsiri kwa Kigujarati. Alipofika kwenye chawa, wazee wakacheka hadi wakafuta machozi, na mchumba wake akakishika kidole cha Viraj akakibana na chake, kuonyesha ameelewa.

Walimu wenyewe wa Viraj, wawili pia, walifika wakiwa wamechelewa kwa msongamano wa magari, wakakuta viti vyao vimekaliwa. Viti vikaongezwa, sahani zikajazwa upya, na baadaye muziki ulipopigwa wote wanne wakavutwa uwanjani. Mwongeli, ambaye shuleni huogopwa hata na wazazi, alicheza hadi shada lake likakatika.

Ajwang alirudi nyumbani na kitasa chake, na boksi la peremende za maziwa juu yake. Dalmas alichukua moja, akauliza sherehe ilikuwa ya nani.

"Ya kijana mmoja anaitwa Viraj. Harusi ni Desemba, na wewe umealikwa."

"Kwani tunamjua?"

"Tunamjua sasa," alisema, akavua viatu na kunyoosha miguu juu ya kochi.