Kufungwa Mara Tatu na Chuo cha Jirani

Jumatatu moja asubuhi, madam aliyesimamia idara ya wanafunzi aliniita ofisini kwake akaniambia nifunge mlango. Nilikuwa karani wa michezo katika chuo kimoja kule Silicon Oasis, Dubai, na katika miaka minne hakuwahi kuniambia nifunge mlango. Nilibaki nimeshika kitasa, nikifikiria viza yangu na chumba cha Rashidiya nilichokuwa nakaa na wenzangu wawili, na vipi nitawaambia nyumbani Mombasa.

"Kaa," alisema. "Nataka rekodi ya kocha tangu alipokuja. Ameshinda mechi ngapi, ametoka sare ngapi, amefungwa ngapi. Na mechi za jirani uziandike peke yake."

Jirani ni chuo kilicho ng'ambo ya barabara yetu. Wanafunzi wao na wetu hununua chai ya maziwa kwenye dirisha moja, lakini siku ya mechi hawasalimiani. Wakubwa wa chuo nao hawana tofauti. Timu inaweza kufungwa na yeyote msimu mzima ikasamehewa, mradi imemfunga jirani.

"Kikao cha kuamua mkataba wake ni Jumatatu ijayo," madam aliendelea. "Karatasi iwe mezani kwangu Alhamisi kabla ya adhuhuri. Najua wewe na yeye mnazungumza lugha moja. Usinifiche kitu kwa ajili hiyo."

"Sawa, madam."

Nilitoka nikishukuru kwamba si mimi niliyekuwa nikipimwa. Shukrani hiyo haikufika mbali. Nilipoketi mezani pangu na kufungua faili, nilikumbuka ni nani anayepimwa.

Kocha wetu alikuwa mzee wa Unguja, wa miaka hamsini na kitu, aliyefundisha mpira Muscat muda mrefu kabla ya kuja Dubai. Kiarabu chake kilikuwa safi, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Wiki yake ya kwanza alinikuta nikizungumza na mama kwa simu. Alisimama mlangoni kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Kumbe ofisi hii ina mwenyewe." Tangu siku hiyo mimi kwake nikawa "mwanangu", na yeye kwangu akawa "Mwalimu". Kila mechi nilikaa benchi karibu naye na daftari langu, nikiandika mabao, kadi na wachezaji wanaoingia na kutoka. Kwa hiyo rekodi aliyoitaka madam nilikuwa nayo tayari, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Kwa jumla haikuwa mbaya. Alishinda zaidi ya alivyofungwa, na timu aliyoirithi ilikuwa imechoka. Ubaya ulikuwa kwenye ile sehemu ya jirani. Alikutana nao mara tatu, na mara zote tatu tulifungwa.

Mechi ya kwanza tulifungwa tatu bila. Mwalimu alikuwa na wiki tatu tu kazini na hakuwa hata ameshika majina ya wachezaji. Hiyo ingeelezeka kwa mtu yeyote. Ya tatu, ile ya karibuni, tulifungwa kwa penalti ya dakika za mwisho. Kufungwa kama huko hutokea.

Iliyonifanya nishindwe kuandika ni ya pili.

Siku hiyo tulikwenda mapumziko tukiongoza bao moja, alilofunga nahodha wetu. Nahodha alikuwa mshambuliaji, kijana mpole wa mwaka wa tatu wa uhandisi, ambaye wazazi wake walikuwa Amman. Wachezaji walipokuwa wakinywa maji alikuja akakaa sakafuni kando ya kiti changu, uso wake umepauka, jasho linamtoka kuliko joto la siku ile lilivyostahili. Mwalimu alimwona. Akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono chini ya kiganja, akahesabu mapigo.

"Tangu lini?" alimwuliza kwa Kiarabu. Kiarabu changu ni cha sokoni, lakini hilo nililielewa.

Kijana alijibu kwamba si mara ya kwanza. Moyo hukimbia wenyewe, macho yakaingia giza, kisha hupita. Mwalimu akamwambia vua viatu, umemaliza leo. Kijana akaanza kumwomba. Hakuwa anaomba kurudi uwanjani. Aliomba asiambiwe mtu. Baba yake akisikia atamrudisha nyumbani, na chuo kikisikia hatacheza tena.

Mwalimu alinitazama, kisha akamtazama kijana. "Sitasema," alimwambia. "Lakini hurudi kwangu mpaka daktari akuone. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kipindi cha pili tulicheza bila yeye, tukafungwa mabao mawili. Watu walizomea. Mkubwa mmoja wa chuo alishuka jukwaani akamwuliza Mwalimu mbele yangu kwa nini amemtoa mfungaji akiwa anaongoza. Mwalimu akajibu kwa Kiingereza chake kifupi, "Uamuzi wangu." Katika daftari niliandika jina la aliyetoka na la aliyeingia. Kwenye nafasi ya sababu sikuandika kitu.

Baada ya majuma mawili kijana alirudi mazoezini. Mimi nilidhani mambo yamekwisha, lakini tangu hapo sikutazama mpira kwa raha. Nilikuwa namtazama yeye. Akiinama kufunga kamba za kiatu, niliacha kuandika. Akiweka mikono kiunoni kupumua, nilikuwa natafuta kwa macho mahali gari la wagonjwa lilipoegeshwa. Ile mechi ya tatu dhidi ya jirani alicheza mwanzo hadi mwisho, na mtu akiniuliza penalti ile ilikuwa ya haki au la, siwezi kumwambia. Sikuiona. Mpira ulikuwa huku, mimi nilikuwa natazama kule aliko nahodha.

Sasa nilikuwa na karatasi tupu, na siku tatu. Nikiandika kufungwa kule bila sababu, ninamwonea Mwalimu. Nikiandika sababu, ninavunja ahadi ambayo hata sikuitoa mimi, ila niliinyamazia. Jumanne alasiri nilimfuata uwanjani akiwa anapanga koni kwa ajili ya mazoezi.

Nilimweleza kuhusu karatasi. Hakushtuka. "Nilijua itakuja," alisema. "Andika ulichokiona, mwanangu. Tatu zote tumefungwa, kweli au si kweli?"

"Kweli. Lakini ile ya pili nitaieleza. Nitasema ulimtoa kwa ajili ya afya yake, na kwamba hukumrudisha mpaka alipoleta karatasi ya daktari. Hilo litakusaidia."

Aliendelea kupanga koni. Alipanga mbili, tatu, kisha akasimama akinipa mgongo.

"Mwalimu," nilisema, "ile karatasi ya daktari uliiona?"

"Aliniambia amekwenda."

"Uliiona?"

"Aliniambia amekwenda, nikamwamini," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alinitazama machoni. Na tulikuwa tunamhitaji."

Mpaka dakika ile nilikuwa nimemweka Mwalimu upande mmoja na wakubwa wa chuo upande mwingine, na mimi nimesimama upande wake. Nilikuwa nimekwisha kutunga kichwani sentensi nzuri za kumtetea. Na kumbe miezi yote ile, kila nilipomtazama kijana nikiwa pale benchi, nilikuwa na haki ya kuogopa. Na mimi pia sikuuliza. Swali lile ningeweza kuliuliza siku kijana aliporudi, nami nilinyamaza kwa sababu nilitaka tushinde.

Nilimpata nahodha kwenye mkahawa wa chuo, peke yake, na sahani ya wali aliyokuwa hajaigusa. Nikaketi mbele yake, nikamwuliza kwa Kiingereza kama aliwahi kwenda kwa daktari. Alitabasamu kwanza, lile tabasamu la kuniambia kila kitu kiko sawa. Aliponiona sitabasamu, akaangalia chini.

"Nilifika mpaka mapokezi," alisema. "Nikaondoka kabla sijaitwa."

"Bado inakutokea?"

"Mara chache."

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Alisukuma sahani pembeni. "Jumamosi. Kwenye ngazi tu. Sikuwa hata nakimbia."

Nikamwambia ukweli: Alhamisi nitapeleka karatasi kwa madam, na safari hii nafasi ya sababu nitaijaza. Nilimwambia ningependa aende mwenyewe kabla sijaijaza. Alikasirika. Alisema mimi ni karani, haya hayanihusu, na nikimharibia hatanisamehe. Maneno yale yaliniingia kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Kazi yangu ilikuwa kuandika mabao. Nilirudi ofisini, nikamwandikia Mwalimu ujumbe mfupi: "Hakwenda. Jumamosi imemtokea tena."

Mwalimu hakunijibu. Jumatano, saa ya mazoezi, nilitazama dirishani nikaona wachezaji wanakimbia na kocha msaidizi peke yake. Mwalimu na nahodha hawakuwapo. Nilipiga simu, haikupokewa. Nilipiga tena. Kwenye basi la kurudi Rashidiya nilikuwa nimeishika simu mkononi kama mtu anayengoja habari za uzazi, na mwanamke wa Kifilipino aliyekaa kando yangu akaniuliza kama ninaumwa.

Mwalimu alipiga simu baada ya magharibi. Alikuwa amemchukua kijana kwa gari lake mwenyewe mpaka hospitali, na safari hii alikaa naye mapokezi, akaingia naye ndani. Wamempima mapigo, wamempiga picha ya moyo. Daktari amesema moyo una hitilafu ya kuzaliwa nayo, inatibika, lakini mpira ni marufuku mpaka atibiwe.

"Daktari aliniuliza amekuwa akicheza kwa muda gani hivi," Mwalimu alisema. "Nikamwambia, muda wote niliokuwa kocha wake. Akanitazama tu."

"Alhamdulillahi mmekwenda," nilisema.

"Kesho usipeleke karatasi kabla yangu. Nitaingia kwa madam mimi kwanza."

Alhamisi aliingia asubuhi, amevaa kanzu badala ya suti ya michezo, na akakaa humo karibu saa nzima. Alipotoka alinipita, akaniinulia mkono kidogo. Kisha madam akaniita.

Mlango niliufunga mwenyewe.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua alivyotolewa na sababu yake. Sikujua kwamba hakwenda hospitali. Lakini sikuuliza pia."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi usiku kucha, na pale niliyaacha yote. "Niliogopa," nilisema. "Niliogopa kumharibia kijana, na kumharibia kocha. Na kujiharibia mimi."

Nilimpa karatasi. Aliisoma taratibu. Kwenye mechi ya pili dhidi ya jirani nilikuwa nimeandika kwamba kocha alimtoa nahodha wakati timu ikiongoza kwa kuhofia afya yake, na kwamba uamuzi huo ulikuwa sahihi. Chini yake niliandika kwamba kumrudisha bila uthibitisho wa daktari halikuwa jambo sahihi, na kwamba benchi zima, pamoja na mwandishi wa karatasi ile, lilinyamaza.

"Hukuwa na haja ya kuandika sentensi hii ya mwisho," madam alisema.

"Najua, madam."

Akaiweka ndani ya faili. Kwa siku nne, mpaka Jumatatu ya kikao, kila simu ilipolia nilidhani naitwa.

Uamuzi ulikuja kwa barua mbili. Mimi nilipewa onyo la maandishi. Mwalimu aliachwa amalizie msimu, na mkataba wake haukuendelezwa. Wachezaji wote waliamriwa kupimwa. Baadhi ya watu walisema ameondolewa kwa sababu ya jirani, wengine kwa sababu ya kijana. Mimi niliyeandika karatasi siwezi kusema ni ipi iliyokuwa nzito zaidi kikaoni. Sikuwemo.

Kabla msimu haujaisha tulikutana na jirani mara ya nne, bila nahodha. Tulitoka sare ya bila bila, katika mechi mbovu ambayo mpira ulikuwa unapigwa juu tu. Kwa mara ya kwanza tangu ile mechi ya pili nilitazama mechi nzima. Mwalimu alisimama mstarini mikono nyuma, na filimbi ilipolia alimpa mkono kila mchezaji, wa kwetu na wa kwao, kisha akaja kwangu.

"Andika sare," alisema.

"Nimeandika, Mwalimu."

Alirudi Muscat mwezi wa sita. Nahodha alifanyiwa matibabu Amman wakati wa likizo, akarudi kumaliza masomo. Tukikutana kwenye korido alikuwa ananisalimu kwa kichwa, bila kusimama. Sikumlaumu.

Mwaka uliofuata, wiki ya mahafali, mwanamke mmoja wa makamo alikuja ofisini kwangu, amevaa koti refu na hijabu ya kijivu. Alisema yeye ni mama wa nahodha, na anamtafuta kocha aliyempeleka mwanawe hospitali. Nikamweleza kwamba kocha hayuko tena. Alisimama kidogo, kama mtu aliyekuja na maneno yake akakosa pa kuyaweka. Nikamwambia ninayo namba yake, nikampigia Muscat.

Mwalimu alipokea. Nilimwambia kuna mgeni anayetaka kusema naye, nikampa mama simu yangu. Alianza kumsalimu kwa Kiarabu, salamu ndefu za kwao, na kabla hajazimaliza sauti yake ikakatika. Nikamsogezea kiti, nikatoka nje ya ofisi nikaurudisha mlango taratibu. Walizungumza muda mrefu. Mwanafunzi mmoja alikuja kuulizia ratiba ya uwanja, nikamwambia asubiri.