Boksi la Jirani Halifunguliwi

Nasreen binti Saif alikuwa mwoga, na mtaa mzima wa Gerezani ulijua. Aliogopa lifti ya jengo lao la Mchafukoge, akawa anapanda ngazi hadi juu na mfuko wa viazi mkononi. Aliogopa radi, aliogopa bodaboda, aliogopa hata kumsemesha jirani anayemwaga maji machafu kwenye korido. Ukimsimulia habari za mgonjwa, yeye ndiye anayeanza kujipapasa tumbo. Basi watu waliposikia kwamba Nasreen huyu huyu, mwenye duka la spea aliloachiwa na marehemu baba yake, anaenda kushindana mbio za magari siku tatu mfululizo, walicheka wakashika mbavu.

Mama yake, Bi Badria, hakucheka.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," alimwambia. "Mimi nataka kicheko humu ndani. Uoga wako nimeshauzoea, kaa nao."

Ila Nasreen alikuwa na lake moyoni. Hofu zake za kila siku hazikuwa na mwisho. Akiilaza moja, nyingine inaamka. Hofu ya uwanjani ilikuwa na pa kuanzia na pa kuishia. Kona ukishaipita umeipita. Mwaka uliotangulia alijaribu mara moja kwa kusukumwa na wateja wake, akashuka garini, akalia, kisha akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu baba yake afariki. Kwa hiyo mwaka huu alirudi. Hakutaka kombe. Alitaka ule usingizi.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya watu wa kawaida, wenye kazi zao za Jumatatu. Yalifanyika nje ya mji, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ndogo za shamba la mkonge. Lami yake ilizungushiwa matairi chakavu, na mwishoni mwa mnyoosho mrefu palikuwa na kona kali iliyozibwa kwa rundo kubwa la matairi hayo. Ijumaa ni raundi za kwanza, Jumamosi za pili, Jumapili fainali. Nasreen aliendesha Altezza nyeupe. Jirani yake wa kuegesha alikuwa Steven, karani wa benki, naye na Altezza yake ya bluu, amekuja na mkewe na mtoto wa kubebwa. Steven alikuwa mtu wa maneno mengi, na kila akipita alimtania.

"Dada Nasreen, mambo? Leo unalia kabla au baada?"

"Katikati," Nasreen alimjibu, na wote wakacheka.

Ijumaa ilikwenda vizuri. Tena vizuri mno, na mwoga jambo likienda vizuri mno hukosa raha. Jioni fundi wake, Anselmi wa Buguruni, alipofungua matairi ya mbele, Nasreen aliinama akazitazama pedi za breki. Zilikuwa zimelika.

"Bado zina nyama, dada," alisema Anselmi. "Kesho na keshokutwa zinamaliza vizuri tu."

"Nataka mpya."

"Hizi zimeshazoeana na gari lako."

"Anselmi, nataka mpya."

Hofu ndiyo iliyomponza. Mwenye moyo mgumu angelala na zile zile.

Dukani kwake pedi za Altezza zilikuwa zimekwisha. Hilo si tatizo Gerezani. Pale mteja haambiwi hakuna. Anaambiwa keti kidogo, soda hii hapa, kisha mwenye duka anachepuka mlango wa pili na kurudi na kitu kana kwamba kimetoka stoo kwake. Na desturi hiyo ina sharti lake, ambalo marehemu Saif alimfundisha binti yake kabla hajamfundisha kutoa chenji: boksi la jirani halifunguliwi mbele yake. Unalipokea, unashukuru, unaondoka. Kulifungua na kulikagua akikuona ni kumwita mwizi.

Jirani alikuwa Mzee Abdulkadiri, rafiki wa baba yake, mtu aliyewahi kumbeba mgongoni akiwa mtoto. Nasreen alimpigia simu, akaufuata mji jioni ile ile, akamkuta anafunga duka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Seti mbili hizo hapo. Jenyuini kabisa, mzigo mpya."

Mbili kwa sababu Steven naye aliomba. "Nichukulie na mimi hizo hizo zako," alimwambia. "Wewe na uoga wako, huwezi kufunga kitu kibaya." Nasreen akamkabidhi boksi kwa maneno yale yale yanayosemwa siku zote: za dukani kwangu hizo.

Asubuhi ya Jumamosi Anselmi alizipima pedi mkononi kabla ya kufunga. Akazipima tena.

"Dada, mbona nyepesi?"

Damu ilimpanda Nasreen. "Zimetoka kwa Mzee Abdulkadiri. Unataka kusema nini? Funga."

Anselmi akafunga.

Raundi ya kwanza ya siku hiyo haikuwa na neno. Ya pili ilianza jua likiwa kali, lami inawaka, jasho linamtiririka chini ya ushungi na helmeti. Nasreen aliogopa kama kawaida yake. Aliogopa kona ya kwanza, akaipita. Aliogopa ya pili, akaipita. Alikuwa na mtindo wa kusema "bismillahi" kabla ya kila breki na "alhamdulillahi" baada yake, na hivyo ndivyo alivyokuwa akizunguka, sala kwa sala. Kisha akaingia kwenye mnyoosho mrefu, akakanyaga mafuta, rundo la matairi likaanza kumkaribia. Akasema bismillahi, akakanyaga breki.

Mguu ukazama mpaka chini.

Kuna hofu ya kufikiria na kuna hofu ya kufikiwa. Nasreen alikuwa bingwa wa ile ya kwanza. Ya pili hakuwa ameionja. Alisikia chuma kinasaga chuma. Aliona matairi, akaona uso wa mama yake, akaona pia, na hili alilishangaa baadaye, mfuko wa viazi aliopanda nao ngazi. Mkono ulishusha gia wenyewe. Injini ikapiga yowe. Akavuta hendibreki, gari likazunguka, dunia ikawa vumbi na majani, na vyote vikasimama. Mlango wa abiria ulikuwa umegusa rundo.

Alikuwa hai. Alijipapasa, mzima. Angelia hapo kama desturi yake, lakini kabla chozi halijatoka wazo lilimpiga: Steven.

Steven alikuwa nyuma yake, upande wa pili wa kiwanja, anakuja. Pedi zake zilitoka mzigo ule ule.

Nasreen alitoka garini akakimbia. Hakuwa amekimbia tangu shule ya msingi. Mlinzi wa bendera, kijana mrefu wa kizibao cha njano, alimpokea kwa mikono.

"Pole dada! Umeumia?"

"Inua nyekundu! Simamisha wote!"

"Gari lako lipo nje ya njia, dada. Njia nyeupe. Nyekundu siinui hivi hivi, nitaulizwa. Kuna nini?"

Nyuma ya kamba walisimama watazamaji, na wengi aliwajua. Mafundi, madereva, wanunuzi wake wa miaka yote. Alijua kabisa neno likitoka halirudi. Kesho litakuwa Gerezani kabla yake, na jina la Saif lililopakwa rangi juu ya mlango litakuwa kichekesho. Aliliogopa neno hilo kuliko alivyoliogopa rundo la matairi. Kisha akasikia mlio wa Altezza ukibadilika kwenye kona ya mwisho kabla ya mnyoosho.

"Nimemuuzia breki feki!" alipiga kelele. "Yule wa bluu! Breki zake feki, nimemuuzia mimi!"

Bendera ikapanda. Steven alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye mnyoosho, hajakolea mwendo. Aliiona, akapunguza, na gari likaenda, likaenda, likipiga kelele za chuma, mpaka likajifia lenyewe mbali kidogo na kona. Alishuka akachungulia gurudumu la mbele. Akakaa chini kwenye lami. Mkewe alikuwa anakimbia na mtoto kifuani, kanga imemwanguka, wala haoni.

Hakuna aliyemtania mtu jioni hiyo. Anselmi alifungua magurudumu bila kusema nilikwambia, na hilo lilimuuma Nasreen kuliko angesema. Ile nyama nyeusi ya pedi ilikuwa imebanduka yote kutoka kwenye bati lake, kama ukoko unavyobanduka kwenye sufuria.

Alimpigia simu Mzee Abdulkadiri, akamweleza yote.

"Mwanangu, alhamdulillahi umepona," mzee alisema. Kisha sauti ikabadilika. "Lakini usinichafulie mzigo. Wewe umekimbiza gari kama mwendawazimu. Zile si breki za mashindano. Ni breki za watu wa heshima, za kupeleka watoto shule."

Nasreen alikata simu. Mtu aliyekubeba mgongoni hajibiwi.

Jumapili hakuendesha, mlango wa gari lake ulikuwa umebonyea. Steven alimjia asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Zile ulizovua Ijumaa," alisema. "Zipo?"

"Zipo. Lakini Steven, utafunga tena kitu kilichotoka kwangu?"

"Hizo nimeona zikifanya kazi. Na jana nilikusikia ulivyosema. Watu wote walikusikia."

Nasreen alimpa. Fainali nzima alisimama kwenye kamba kando ya mke wa Steven, na kila mara lile gari la bluu lilipoingia kwenye mnyoosho alisema bismillahi, na lilipopita kona alisema alhamdulillahi, mpaka yule mama akaanza kuitikia "amina" ingawa hakuwa wa dini hiyo. Steven alimaliza katikati ya kundi. Usiku Nasreen hakupata usingizi alioufuata.

Jumatatu hakufungua duka. Mchana aliingia moja kwa moja kwa Mzee Abdulkadiri, bati tupu la pedi mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu kahawa."

"Sinywi. Naomba boksi moja la zile pedi."

Mzee alimtazama, akashusha boksi kutoka kwenye rafu, akamsukumia juu ya meza. Nasreen alishika utepe wa gundi. Aliogopa kuliko siku ya kona. Pale alikuwa peke yake na matairi, hapa alikuwa mbele ya uso uliomkuza. Akauchana.

Mzee Abdulkadiri akasimama. "Nasreen! Tangu lini sisi tunafunguliana maboksi?"

"Tangu Jumamosi, baba."

Alitoa pedi moja, mpya, inang'aa. Akaomba nyundo. Mzee hakumpa, Nasreen akaichukua mwenyewe chini ya meza, mahali ilipokuwa tangu yeye ni mtoto. Akagonga ukingoni mara moja. Ile nyama nyeusi ikabanduka nzima, ikaanguka kwenye sahani ya kikombe cha kahawa.

Mzee aliitazama. Alinyoosha mkono kuiokota, akauacha hewani. Kisha Nasreen akaona kitu ambacho yeye, mwoga wa siku nyingi, alikijua kuliko mtu yeyote mtaani: rangi ikimtoka mtu usoni.

"Baba, nini?"

"Asubuhi," alisema mzee. "Asubuhi nimempa hizi hizi yule kijana anayeendesha basi la shule."

Simu ilimponyoka mzee, Nasreen akaiokota, akampigia yule kijana, akamwekea mzee sikioni. Iliita. Iliita tena. Nasreen aliukamata ukingo wa meza. Mwishowe sauti changamfu ikatoka ndani ya simu.

"Mzee wangu! Nimeshafunga, zipo poa kabisa. Ndiyo naelekea kuwachukua watoto."

"Paki pembeni," alisema Mzee Abdulkadiri. "Usisogee. Paki hapo hapo ulipo."

"Sikusikii vizuri mzee, kuna kelele huku. Unasemaje?"

Korido ilikuwa imejaa. Wenye maduka walikuwa milangoni mwao, wateja kwenye viti vya plastiki, soda mikononi. Mzee aliwatazama wote, halafu akamtazama Nasreen, naye akamtikisia kichwa kwamba aseme.

"Nimekuuzia breki feki!" alipaza sauti mzee. "Mimi, Abdulkadiri! Nimekuuzia feki! Simamisha gari!"