Jumamosi ya Sita ya Salome

Kabla hujaniambia niliota, jua kwamba ilikuwa saa tisa mchana, jua la Garsen likichoma mabati, nami nilikuwa macho, mzima, tena nimetoka kula wali. Sikuwa na homa. Sijawahi kupandisha pepo maishani mwangu. Wenzangu waliokuwepo wako hai, ukitaka nenda kawaulize, ingawa Dama siku hizi hapendi kulizungumza jambo hili mimi nikiwa karibu. Kosa langu sitalificha, maana bila kosa hilo hakuna kisa.

Sisi tulikuwa wasomaji wa Wana wa Zorani. Huenda huvijui vitabu hivyo. Ni hadithi moja ndefu ya vitabu kumi na viwili, kila kimoja kinene kama tofali, habari za ukoo unaolinda mlima wa theluji kwa miaka mia tatu. Vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu Komora, anayefundisha shule ya msingi, aliachiwa na muuguzi mmoja mstaafu wa Ngao, ambaye kabla ya kuhama alikuwa akiwaazima watu wa vijiji vya kando ya mto. Vilimfikia Mwalimu vikiwa kumi na kimoja. Cha tisa kiliazimwa na hakikurudi.

Kila Jumamosi tulikutana katika chumba cha Dama, fundi cherehani, rafiki yangu tangu tukiwa hatuna meno ya mbele. Kiingereza cha wengi kilikuwa cha kubabaisha, kwa hivyo kazi ya kusoma wiki nzima na kuja kusimulia kwa Kiswahili ilikuwa yangu. Mimi nauza katika duka la dawa za mifugo. Kutwa nawapimia watu dawa ya kupe, na hakuna anayetaka kujua nina nini kichwani. Lakini Jumamosi nilikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, Dama akaacha kushona, na watu wanane wakaninyamazia. Unaelewa hilo lilivyokuwa tamu? Nililingoja wiki nzima.

Kila mmoja wetu alikuwa na mhusika wake. Ukishamchagua ni wako, mwingine hamgusi. Mwalimu alimchukua Talimo, mwandishi wa mfalme. Barisa wa bodaboda, Muorma aliyekulia nyuma ya ng'ombe, aliwakataa binadamu wote akamchagua Bakunde, fahali aliyebeba chumvi ya jeshi. Wangu mimi alikuwa Sirana, mwanamke aliyelinda lango la ngome. Dama hakuchagua. Alisema wake ni huyo huyo wangu, tutamlea pamoja, nami nikakubali kwa kuwa ni Dama.

Mhusika akifa, mwenyewe hukaa matanga. Usicheke. Unanunua sukari, unapika mahamri, kitabu alichofia kinafungwa kwa leso na kuwekwa mezani, na watu wanakuja kukupa pole. Bakunde alipokufa katika kitabu cha tano, Barisa alileta dumu la maziwa na akalia machozi ya kweli. Shida ni kwamba baada ya hapo kila Jumamosi alitaka turudi kwa Bakunde, Bakunde hivi, Bakunde vile, hadi Mwalimu akatunga sheria: marehemu akishaliliwa, hasimuliwi tena. Tukacheka, tukaipitisha.

Sirana hakuwahi kuliliwa. Kitabu cha kumi kinapoanza yeye ameshakufa, watu wanamtaja tu kwa huzuni, na alikufaje ni cha tisa ndicho kinachojua. Nilikataa kukaa matanga ya mtu ambaye kifo chake sikijui. Tulivimaliza vyote kumi na kimoja tukiwa na shimo hilo katikati, kisha tukarudi tena mwanzo.

Ndipo Salome akaja. Ilikuwa kiangazi, vumbi mpaka kwenye kope. Msichana mwembamba, labda miaka ishirini, alisimama mlangoni akasema amesikia tunapenda Wana wa Zorani, na kwamba yeye cha tisa amekisoma. Alijitambulisha kwa jina moja tu, Salome. Mwalimu nusura aanguke kwenye benchi. Wakamkaribisha, wakamuuliza wake ni nani, akasema Sirana.

Nikamwambia Sirana ana mwenyewe. Akasema kwa upole, "Najua, dada. Lakini mimi najua alivyokufa." Na Dama, Dama wangu, akaniangalia kama mtu anayeomba radhi, akanigusa bega niinuke, akampa kile kigoda.

Nasema wazi nilimwonea wivu. Alisimulia vizuri kuliko mimi, nawe unajua mtu anavyojua ameshindwa hata kabla ya kuambiwa. Mimi nilikuwa nasema, kisha ikawa hivi, kisha ikawa vile. Yeye alisimulia ukasikia maji. Eti Sirana alishushwa kutoka mlimani, akatumwa nchi ya chini kwenda kuwinga ndege wasile mpunga wa mfalme. Alikaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti la walinzi wa shamba, na kombeo lake, na mchana ndege wakitulia alisoma barua ndefu aliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Mwalimu akauliza kwa kucheka, nailoni, katika zama za mapanga? Salome akasema ndivyo ilivyokuwa. Barisa akasema, "Huyu dada anajua hadithi kuliko kitabu," na wote wakakubali.

Nilitafuta kasoro zake kama mke mkubwa. Niliona pindo la leso yake limelowa kila alipokuja, wakati mto Tana wenyewe ulikuwa umebaki kijito. Nikamnong'oneza Dama, huyu hajui kukausha nguo? Dama akaninyamazisha ili asikie hadithi. Niliona hashiki vitabu vyetu. Ukimpa anarudisha mikono nyuma, anasema vitalowa. Chai alipokea, akaishika, akaiacha ilivyo. Niliyaona yote hayo, wala sikuogopa, kwa sababu nilikuwa na kazi kubwa zaidi ya kumchukia.

Jumamosi nne zikapita hivyo. Ya tano alitufikisha maji yalipokuja. Hayakuja kwa mbele, alisema, yalizunguka nyuma kupitia mkondo wa zamani, na Sirana alipoteremka kwenye dungu hakukuwa na nchi kavu popote. Aliweka barua kichwani akaanza kuvuka. Aliita. Watu wa ng'ambo walikuwa wanahamisha mbuzi, hawakumsikia. Mguu ukakosa chini, akachukuliwa, akashika mzizi.

Dama alikuwa analia, machozi yanadondokea kitenge cha mteja. Akauliza ni mzizi wa mti gani, ni wapi hapo. Salome akamtazama, uso wake ukiwa mwepesi, kama mtu anayetua mzigo. Akasema, "Jumamosi ijayo nitawaambia alipo."

Siku hiyo Dama alimsindikiza hadi nje. Mimi hajawahi kunisindikiza, eti mimi ni wa nyumbani. Usiniulize kwa nini jambo dogo kama hilo lilinifanya nisilale. Wiki nzima nilikuwa na wazo moja tu. Asimalize. Akimaliza, Sirana atakuwa wake moja kwa moja, na kigoda, na Dama. Alhamisi nikanunua sukari na unga. Ijumaa nikapika mahamri ya watu kumi. Nikapeleka habari kwa kila mmoja kwamba kesho nakaa matanga ya Sirana, na kwa kuwa kitabu alichofia hatuna, nitafunga cha nane.

Walikuja wakishangaa, lakini walikuja, maana matanga hayakataliwi. Nikafunga kitabu kwa leso, nikapewa pole, nikasema maneno yangu ya mwisho juu ya Sirana, mazuri kweli, nilikuwa nimeyaandika. Tulikuwa tumeshakula mahamri Salome alipofika. Pindo lilikuwa limelowa hadi magotini. Akaelekea kwenye kigoda, nikasimama mbele yake.

"Sirana ameshaliliwa," nikamwambia. "Hasimuliwi tena. Sheria ya hapa ndiyo hiyo."

Dama akasema, "Mwache amalize." Mwalimu akakohoa, akasema labda kwa leo sheria ilegezwe. Nikawauliza, ilipokuwa Bakunde tuliilegeza? Barisa akatazama chini. Nikajua nimeshinda.

Salome akaitazama meza, kitabu kilichofungwa, sahani tupu. Akasema polepole, "Dada, bado sijamaliza." Nikamsukumia kikombe cha chai. Hakukipokea. "Mmemlia," akasema, "na hamjui alipo."

Akatoka. Mimi nikamfuata, na si kwa huruma, nilitaka kuhakikisha ameondoka. Nyuma ya chumba cha Dama kuna uwanja mtupu, hakuna mti, hakuna ukuta, vumbi jekundu tu hadi kwenye choo cha jirani. Nilimwona mgongo. Nikapepesa macho kwa sababu ya jua, nikaona uwanja peke yake. Nyayo zake zilikuwa pale kwenye vumbi, zimelowa, za miguu mitupu, moja baada ya nyingine hadi katikati. Hapo katikati zilikoma. Nilisimama juu ya ile ya mwisho na maji yake yalikuwa ya baridi na yenye tope, yakapenya katikati ya vidole vyangu. Jua likayakausha mbele ya macho yangu.

Ungepiga kelele, sivyo? Ungewaita wenzako. Mimi nilirudi ndani nikasema amekwenda zake. Sasa nisikilize vizuri, maana hili sijawahi kumwambia Dama: nilifurahi. Nilijua yule si mtu, na bado nilifurahi kwamba hatarudi. Nikakaa kwenye kigoda changu.

Hakurudi. Baada ya miezi miwili hivi mpwa wa Mwalimu aliona nakala nyingine ya kitabu cha tisa kwenye meza ya mitumba huko Mombasa, akaituma kwa basi. Mwalimu akanipa mimi kwanza. Nilikisoma siku mbili nikijifungia, ili nijue mwisho kabla ya mtu mwingine yeyote. Sirana anakufa mapema kabisa. Anakufa mlimani, juu ya barafu, upanga mkononi, jeshi zima likimtazama. Hakuna mpunga. Hakuna ndege wala dungu. Kitabu kizima hakina mto.

Kisha nikakumbuka desturi ya yule muuguzi: kila aliyeazima aliandika jina lake ndani ya jalada la nyuma. Nikafungua leso kwenye kitabu cha nane, ambacho hakuna aliyekigusa tangu matanga. Jina la mwisho, kwa penseli, mwandiko mzuri wa shule, lilisema Salome, Hewani, kijiji cha kando ya mto. Aliyerudisha cha nane ndiye aliyechukua cha tisa. Jina lile lilikuwa pale siku zote.

Nilimwonyesha Dama. Akavaa viatu. Barisa akatupakia hadi Hewani, na hatukuuliza sana, nyumba ilikuwa inajulikana: nyumba ya yule mama ambaye mtoto wake alitoroka na mwanamume. Ndivyo kijiji kilivyoamua. Mama Salome alitueleza mwenyewe, akichambua kunde, bila kutuangalia. Mwaka ule wa mafuriko alimtuma binti yake shamba la ng'ambo kuwinga ndege. Akaondoka na kombeo, na kitabu ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu bila kitabu alikuwa haendi popote. Maji yakapanda. Walitafuta siku tatu, kisha watu wakaanza kusema ameonekana Malindi, ameonekana Lamu. Yeye hakuamini, lakini matanga alikataa kukaa. Alisema hawezi kumlilia mtoto asiyejua alipolala.

Dama akamsimulia zile Jumamosi tano. Mama alisikiliza kila kitu, dungu, mkondo wa zamani, mbuzi, mzizi. Kunde zilimwagika mapajani. Kisha akauliza lile ambalo nilijua atauliza.

"Aliwaambia ni wapi?"

Dama akanigeukia. Hakunitaja. Afadhali angenitaja.

"Alitaka kutuambia, mama," nikasema. "Mimi nilimkataza."

Wanaume wa Hewani walizunguka ukingoni siku kadhaa, wakichokoa mizizi kwa miti mirefu. Unajua msitu ule una mizizi mingapi? Na mto nao umehama mara mbili tangu hapo. Hawakupata kitu. Mama Salome mpaka leo hajakaa matanga.

Sisi hatukutani tena. Mwalimu amevirudisha vitabu kwenye sanduku. Dama ananishonea nguo nikimpelekea, ananipa chenji yangu, basi. Na nikwambie ukweli wa mwisho, kwa kuwa nimeanza: wivu haujaniisha. Namwona Dama akiacha cherehani saa tisa ya Jumamosi, akiutazama mlango, na ninajua simo katika anachokingoja. Nami nakingoja hicho hicho. Nikipita kwake naweka kigoda mahali pake, sikikalii.

Hajaja. Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, akitokea mtu kwenu, mgeni, pindo limelowa siku ya kiangazi, akakuchukulia kiti chako na masikio ya watu wako, umia upendavyo lakini funga mdomo. Mwache amalize. Na kama atakuja kwenu badala ya kwetu, muulize ni mzizi wa mti gani, halafu upande gari uje Hewani umwambie mama yake.