Gerardo wa Ukutani

Kila mji walioufikia, Mzee Canio aliomba gari lisimame. Hakuomba maji wala choo, ingawa kwa umri wake angeweza kuomba vyote viwili. Aliomba ukuta. Katika miji ile midogo ya milima ya Basilicata, mtu akifa jina lake hubandikwa ukutani kwenye karatasi yenye ukingo mweusi, karibu na kanisa au baa, na kila apitaye husimama akasoma. Canio alishuka, akavua kofia, akapitisha kidole kwenye majina, kisha akarudi garini.

"Hayumo," alisema pale Venosa.

"Hayumo," alisema tena Maschito.

Aliyekuwa akitafutwa ni kaka yake, Gerardo. Donata, binti wa Canio, alikuwa usukanini tangu Torino na sasa subira ilikuwa imemwishia. Jirani wa Gerardo ndiye aliyepiga simu: mgonjwa amerudishwa nyumbani, madaktari wamenyoosha mikono, kama Canio anataka kumwona ndugu yake basi aje sasa. Lakini tangu asubuhi simu ya jirani huyo iliita tu, haipokelewi.

"Baba, tukisimama kila ukuta, mwisho tutamkuta ukutani kweli," alisema Donata.

"Mwache asome," alidakia mama mdogo Serafina kutoka kiti cha nyuma, akimenya chungwa. "Anaomba amkute amekufa. Maiti hamuulizi mtu maswali."

"Shemeji, ulimi wako huo ndio uliomuua mumeo."

"Mume wangu alikufa akicheka. Wewe utakufa na lile gari lako bovu."

Canio akageukia dirisha. Habari ya gari bovu haikuwa ya mzaha katika familia ile, na Serafina alijua fika anagusa wapi. Canio aliondoka milimani angali kijana, akaenda Torino kufunga milango ya magari kiwandani. Mama yake alipofariki, alitumiwa habari aje kuzika. Hakuja. Baadaye akamwambia Gerardo kwamba gari lilimharibikia njiani. Gerardo hakujibu neno, na tangu siku hiyo ndugu wale hawakusemezana. Donata alipozaliwa alipewa jina la bibi yake huyo, kama ilivyo desturi yao. Kwa hiyo kila Canio alipomwita binti yake, alikuwa akimwita mama yake, na Donata alikuwa amechoka kuitwa kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Forenza, mzee alikawia ukutani. Donata akashuka kumfuata, roho juu.

Karatasi ilikuwa mbichi bado kwa gundi. GERARDO SANTARSIERO. Mazishi leo, saa kumi alasiri, kanisa la Pietrascura, kijiji alikozaliwa Canio. Sehemu ya chini, panapoandikwa majina ya wafiwa, ilikuwa imefunikwa na tangazo la tamasha la soseji.

"Yumo," alisema Canio.

Donata alipandwa na hasira. "Umeridhika sasa? Kuta zako hizo! Tungekuwa tumeshafika!" Alijua anasema uongo, maana marehemu hakufa asubuhi ile, lakini hakuweza kuuzuia mdomo. Baba yake aliikunja kofia mikononi kama kitambaa cha kufutia vyombo.

Donata aliendesha gari vibaya barabara nzima ya kona. Serafina alishika rozari, chungwa limesahaulika pajani.

Walipoingia kanisani ibada ilishaanza. Jeneza lilikuwa mbele ya altare, limefungwa. Donata alimshika baba yake mkono ili wakae nyuma, lakini mzee akajinasua, akatembea katikati ya viti, akaweka kiganja juu ya mbao. Padri akakatiza sala.

"Gerardo," alisema Canio kwa sauti iliyosikika kanisa zima. "Gari halikuharibika. Nilipanda treni, nikafika Foggia, nikashuka. Nikakaa kwenye benchi mpaka ikaja ya kurudi. Niliogopa, kaka. Sikutaka kumwona mama ndani ya sanduku. Nikakuachia wewe mzigo wote. Nisamehe."

Mjane alimkodolea macho kana kwamba ameingiwa na kichaa. Kisha kikasikika kikohozi kutoka ubavuni, karibu na nguzo. Palikuwa na mzee amekonda, yumo ndani ya kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi, na nyuma yake amesimama jirani asiyepokea simu.

"Canio," alisema mzee yule. "Unamsumbua marehemu bure. Huyo ni Gerardo wa baba mdogo Vito."

Donata alitamani sakafu immeze. Babu wa ukoo aliitwa Gerardo, na kila mwanawe alimpa kifungua mimba wake jina hilo hilo. Yeye mwenyewe alikuwa amebeba jina la bibi maisha yake yote, na bado hakufikiria.

Watu walianza kucheka chinichini, na mjane akaziba mdomo kwa leso. Canio alikuwa mweupe kama chokaa. Akautazama mlango. Donata akaelewa: mtu wa benchi la Foggia alikuwa anatafuta treni ya kurudi. Akatoka kwenye kiti chake, akasimama katikati ya njia, akamzibia.

"Baba, leo huendi popote."

"Kuhusu gari," Gerardo aliendelea taratibu, akivuta pumzi kila neno, "nilijua siku ile ile. Wewe hukuwa hata na gari, mjinga wewe."

"Mbona hukusema?"

"Nilisubiri useme mwenyewe."

Canio alimwendea, akapiga magoti penye kiti, akalia waziwazi mbele za watu wote. Gerardo akamwacha amshike mkono, lakini si kwa muda mrefu. Ibada ilimalizika, na wanaume wakasogea kwenye jeneza. Wabebaji walipungua mmoja.

"Inuka," Gerardo alimwambia. "Mimi siwezi tena kubeba. Kashike mbele, kushoto. Hapo ndipo nilipokuwekea nafasi siku ya kumzika mama."

Canio akampa binti yake kofia, akaenda kuweka bega.