Kishada cha Mwezi wa Tano

Kwetu Naviundu anga safi haiji yenyewe, lazima uipangie. Mvua hutawala hadi mwezi wa nne. Kuanzia mwezi wa saba watu huchoma nyasi porini, na moshi hukaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria. Katikati unabaki mwezi wa tano na wa sita, na humo utoe jioni zote zenye mbalamwezi. Katika zile chache zilizobaki, nilitafuta jioni ambayo mtaa wetu uko kwenye delestaji, yaani zamu yetu ya kukatiwa umeme. Mama alisema hajawahi kuona watu wanaoombea giza huku samaki wake wakiharibika kwenye friji.

Nilikuwa nampangia baba. Alikuwa dereva wa treni. Kwa miaka mingi, akitoka Kambove na mzigo wa madini, aliona upande wa kusini nyota moja yenye ukungu. Msaidizi wake alishikilia kwamba ni uchafu wa kioo, na walibishana hadi walipostaafu. Mimi nilipoanza kupenda mambo ya anga nilimweleza kwamba haikuwa nyota wala uchafu. Ni kishada cha nyota zisizohesabika, na kwa darubini yangu ndogo ya kushika mkononi angekiona. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba presha ya macho itamzima macho yote mawili, polepole. Baba alitaka akione kabla.

Mwaka wa kwanza kila kitu kilikubali: hakuna mwezi, hakuna moshi, hakuna umeme. Mchana wa siku hiyo jirani yetu wa ukuta, mama mmoja mjane, akafariki. Kufikia jioni turubai lilikuwa limefunga barabara, jenereta ya kukodi inanguruma, na taa kubwa imening'inizwa mbele ya lango letu. Nilimwomba baba tuchukue teksi, twende nje ya mji, tutazame, turudi kukaa na wafiwa. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Tutaenda wapi, na bantu banatuona? Ile nyota itarudia mwaka ingine. Ule mama, ni kesho tunamuzika."

Akavaa koti lake, akaenda kukaa na wanaume wenzake penye moto. Kilio kilipokwisha, mbalamwezi ilikuwa imerudi jioni. Mwezi wa sita moshi uliwahi kuliko kawaida, nikafunga darubini kabatini.

Mwaka uliofuata tuliipata jioni yetu. Tulikula mapema, nikamwekea kiti uani na meza ya kuegemeza viwiko. Nilikitafuta kishada mwenyewe, nikampa darubini na kumwelekeza mikono. Kisha nikamwambia kile ambacho kila mwanafunzi wa anga huambiwa: usikikazie macho, tazama kando kidogo, kwa sababu vitu hafifu hunaswa na pembe ya jicho.

Alijaribu kwa muda mrefu. Sikumharakisha. Mwishowe akaishusha darubini mapajani.

"Pembeni njo kwenye hii ugonjwa ilianzia," alisema. "Sasa ninaonaka tu ya mbele."

Nilikuwa nimesoma kuhusu mwezi, moshi na majira, na sikuwa nimesoma lolote kuhusu macho ya baba. Daktari alipotueleza baadaye, ilionekana kwamba mwaka mmoja nyuma sehemu kubwa ya pembeni ilikuwa bado nzima. Angekiona.

Nilimuuliza kama anajutia ule usiku wa kilio. Alijibu bila kufikiri, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani, kwamba hapana, hata leo angeenda. Namwamini.

Mimi najuta. Mtu akifa mtaani kwetu mwezi wa tano, nabeba viti kama wengine, natoa pole kama wengine, na moyoni nina hasira na maiti.