Alichojinyima Mama

Mimi nina mdomo. Walimu wenzangu wanalijua hilo, wanafunzi wangu wa gredi ya sita wanalijua zaidi, na mama yangu aliyenizaa alishazoea. Jumatano ya Majivu tulikuwa tunatoka misa ya asubuhi, majivu bado kwenye paji la uso. Katekista alikuwa ametuhimiza kila mmoja ajinyime kitu ambacho akikiacha atasikia kweli kwamba amekiacha. Njiani nikaanza kumhesabia mama vitu vya kujinyima huku nacheka. Nyama tunaiona Krismasi kwa Krismasi. Sukari daktari alishamnyang'anya. Pombe hajawahi kuonja.

"Mama, wewe hata huna kitu ya kujinyima," nikamwambia. "Mungu atakuruka tu mwaka huu."

Hakucheka. "Sitakosa, nyathina," alisema, yaani mwanangu, akaendelea kutembea ameushika mkono wangu.

Aliushika mkono wangu kwa sababu ya macho. Presha ya macho ilikuwa imeshalimaliza jicho la kushoto tulipoigundua. La kulia liliokolewa na dawa ya matone, tone moja asubuhi na moja jioni, kila siku ya maisha yake. Mwaka juzi mafuriko yalipoingia nyumbani kwake Ahero hadi usawa wa kitanda, nilimleta kwangu Kisumu, na kitu cha kwanza alichookoa kilikuwa kile kichupa, kabla ya godoro na kabla ya kuku. Dawa alijiwekea mwenyewe. Siku niliyotaka kumsaidia aliniuliza kama amekuwa mtoto.

Kila jioni nikitoka shuleni nilimuuliza, "Umeweka dawa?" Kabla ya Kwaresima alijibu, "Nimeweka." Baada ya Jumatano ile akawa anajibu, "Si chupa iko hapo kwa dirisha?" Nami nikiiona chupa dirishani naridhika, nageukia madaftari yangu. Mama hasemi uwongo, tena wakati wa Kwaresima ndiyo kabisa. Mwanafunzi akinijibu hivyo darasani namsimamisha papo hapo. Mama yangu nilimwacha apite.

Kanisani kwetu vituo vya Njia ya Msalaba husomwa na waumini kila Ijumaa, na tangu ahamie kwangu mama hupewa kituo cha sita, pale mwanamke anapompangusa Yesu uso. Mwaka huu, katikati ya Kwaresima, parokia ilileta vijitabu vipya, na maneno yake yalikuwa yameandikwa upya yote. Ijumaa ya wiki ya tatu mama alisimama, akainua kijitabu, akasoma kwa sauti yake nzito. Akasoma maneno ya kile cha zamani, neno kwa neno, bila kukosea hata moja. Watu wakainua nyuso kutoka kwenye vijitabu vyao wakaangaliana. Nyuma yangu mtu akacheka kidogo. Nilipomtazama mama vizuri nikaona kijitabu amekishika juu chini.

Nilinyamaza mpaka tukafika nyumbani, na kwangu hiyo ni kazi. Kisha nikaenda dirishani, nikaichukua chupa. Niliinunua mkesha wa Majivu. Utepe wa plastiki ulikuwa bado shingoni mwa chupa, haujakatwa.

"Mama, hii ni nini?"

Alikaa kitandani, mikono magotini. "Ulisema sina kitu ya kujinyima," alisema. "Nikafikiria sana. Nikaona hiyo dawa ndiyo kitu yangu. Nikaambia Mungu, nakupatia hii mpaka Pasaka. Na mtu akifunga hatangazi."

"Na ulipoona giza linaingia?"

"Ilikuja pole pole, kama moshi ya jikoni. Nikasema ni jaribu. Nikivumilia mpaka Pasaka, yeye mwenyewe atanirudishia."

Nilitaka kumlaumu katekista. Nilitaka kumlaumu padri, na kwa kweli nilitaka kumlaumu Mungu, lakini kila nilipofungua mdomo nilijisikia mwenyewe, ile Jumatano, nikicheka barabarani. Maji yalikuwa yamemwagika na aliyeupiga mtungi kikumbo ni mimi. Nikaukata utepe kwa meno, nikamwekea tone moja pale pale. Tone moja halirudishi wiki tatu, nililijua hilo hata mkono ulipokuwa unaweka.

Kliniki ya macho ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Jumapili tukaenda misa, na injili ya siku hiyo, kama vile kuna mtu aliyetaka kunichokoza, ilikuwa ya yule mtu aliyezaliwa kipofu, Yesu akatema mate chini, akafanya tope, akampaka machoni. Sijawahi kuomba vile. Niliomba mpaka nikashika ukingo wa benchi. Mama alikuwa anatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayesikia habari za jirani.

Nikamnong'oneza, "Hata huyo alipakwa kitu machoni. Hakuambiwa aache."

"Sasa ndiyo unaniambia?" akanong'ona.

Hakusema kwa uchungu. Heri angesema kwa uchungu.

Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, mpole. Alimulika jicho kwa muda mrefu, akampimia presha, akamwonyesha vidole. Mama alitaja idadi tatu tofauti kwa vidole vile vile viwili. Alipopungiwa mkono mbele ya uso alisema kuna kitu kinapita.

"Mama, hii yenye imeenda haitarudi," daktari alisema. "Dawa itachunga tu hiyo mwangaza kidogo imebaki. Usiache tena."

"Asante, daktari," mama alisema. "Na Pasaka nitakuwa naona?"

Daktari akanigeukia mimi. Alingoja niseme. Mimi mwenye mdomo nikatazama sakafu, nikahesabu vigae mpaka mlangoni.

Baadaye nilimwendea padri. Aliniambia kuna kuona kwa macho na kuna kuona kwa imani, na kwamba mama yangu hajapoteza kile kikubwa. Nilimjibu kwamba mama alikuwa navyo vyote viwili, nami nimempokonya kimoja kwa utani, na hicho kingine sina hakika kama mimi ninacho.  

Ijumaa Kuu watu walipanga foleni kuubusu msalaba. Nilimwongoza mama mpaka mbele. Badala ya kubusu na kupita kama wengine, alianza kupapasa miguu ya sanamu ya Yesu pale msalabani kwa vidole, akatafuta mpaka akaupata msumari, akabaki hapo akiusugua kwa kidole gumba. Foleni ikasimama. Nilisikia watu wakihema nyuma yetu. Mimi niliona mbao, na rangi iliyobanduka kwenye kifundo cha mguu, basi.

"Hapa palimuuma," mama alisema, akabusu.

Zamu yangu ilipofika niliinamisha kichwa nikapita. Midomo ilikataa.

Siku hizi dawa namwekea mimi. Haniulizi tena kama amekuwa mtoto. Jumamosi Kuu asubuhi nilimkalisha karibu na mlango palipo na mwanga wa kutosha, nikamwinua kidevu, nikaileta chupa juu ya jicho lake la kulia. Jicho linaloona hupepesa tone linapokaribia, hata la mtoto mdogo hupepesa. Nikaishusha chupa pole pole, nikingoja. Nikaishusha mpaka karibu iguse kope. Jicho lilibaki wazi, limetulia, limenielekea.

"Mbona huweki?" mama akauliza. "Weka, nyathina. Pasaka ni kesho."