Lori Lenye Chapa ya Ng'ombe

Watu wa Nyanungu wanamwita mume wangu, Joram, Brigedia, na jeshini hakukanyaga hata siku moja. Wanamtania kwa sababu ya malori. Wenzake wana ng'ombe uani, yeye ana vyuma: malori matatu ya vita vya Kagera na Landrova moja isiyo na paa, vyote vimelala pale ambapo ningepanda mahindi yangu. Nimegomba mpaka nimechoka. Kuku wanataga kwenye injini! Kuna mzungu wa hoteli moja huko mbugani alikuja kuyanunua, eti magari ya namna hiyo hayapatikani tena, anataka kuyapanga wageni wake wayaone. Joram akamuuliza swali moja tu: "Umewahi kuona lenye chapa ya ng'ombe?" Yule mzungu akaona huyu mzee hayuko sawa, akaondoka zake.

Chapa yenyewe ni ya ng'ombe wa baba mkwe wangu: duara, na mistari miwili juu yake kama pembe. Mwaka 1978 Rubeni, kaka yake Joram, alikuwa dereva jeshini. Kabla ya kwenda vitani alipita nyumbani na lori lake kuaga, saa moja tu. Akakipasha moto chuma cha chapa, yeye na Joram wakakigandamiza kwenye mbao za mlango wa nyuma mpaka moshi ukatoka. Rubeni akacheka, akasema, "Sasa hili ni ng'ombe wa baba. Likipotea, fuateni nyayo." Hakurudi. Ikaja barua kwamba hajulikani alipo, basi.

Sasa kwetu ng'ombe akiibwa, mwenyewe hakai akalia, anafuata nyayo. Joram akafuata. Miaka yote hiyo, akisikia kuna lori la zamani la jeshi mahali, limeuzwa mnadani, limefia machimboni, limetumbukia mtoni, anakwenda. Moja alilitoa kwenye tope kwa jozi nne za ng'ombe na minyororo, siku tatu nzima. Moyoni alikuwa na jambo moja: Rubeni asingeliacha lori lile akiwa hai. Likipatikana bila yeye, basi amekufa, na aliliwe kama wanavyoliliwa watu.

Mama yao hakutaka kusikia habari ya matanga. "Nani ameuona mwili?" anauliza, na watu wanatafuta pa kuangalia. Bakuli la Rubeni alikuwa analiosha kila siku, na hakuna mtu aliyethubutu kula chakula humo. Mimi nilijaribu mara moja nilipokuwa bibi harusi, sikujua. Nilinyang'anywa mkononi.

Mwaka jana, mvua za Aprili, wakaleta lori la mwisho kutoka Nyansurura. Kusema kweli halikuwa lori, ilikuwa mifupa: kichwa na fremu. Injini, aliyetuuzia aliifunga kwenye mashine ya kusaga zamani sana, na mbao za bodi alizijengea banda la mbuzi, akazipaka lami nene kuzuia mchwa. Hizo mbao alizibandua, akatuongezea juu ya lori. Joram macho yake yameingia mtoto wa jicho. Binti yetu Precious ni nesi Mugumu, amemwomba mpaka kulia akafanyiwe upasuaji, anamjibu, "Nikishalipata lori." Basi akakaa chini akapapasa ubao mmoja mmoja kwa vidole. Lami ilikuwa imejaa kila mahali, vidole vikateleza tu.

"Silo," akasema. "Hizo mbao pikia."

Nami nikashukuru, maana kuni zangu zote zilikuwa zimelowa.

Siku ya tatu Joram alikwenda Mugumu kuulizia lori lingine. Mchana nikawasha moto, Mama akakaa pembeni kwenye kigoda chake. Nikasukuma ubao ndani. Lami ikaanza kuchemka, ikachuruzika, na pale ilipotoka pakabaki mfereji. Mfereji ukazunguka. Likawa duara. Halafu pembe moja. Halafu ya pili.

"Mama yangu wee!" Niliuvuta kwa mikono mitupu, kovu hili hapa. Nikaumwagia maji ya ugali.

Mama macho yake yalikuwa mazima kuliko ya mwanawe. Aliuangalia ule ubao kwa muda, akapitisha kidole kwenye duara.

"Ni ya mzee," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ni lenyewe. Joram akirudi..."

"Urudishe motoni."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama, mwanao ameitafuta chapa hii maisha yake yote!"

"Joram ni mwanangu, na Rubeni ni mwanangu," akasema. "Mimi nimebakiza siku chache, Mokami. Niache nife nina watoto wawili."

Nasema ukweli, nilimchukia dakika ile. Nilitaka kumwambia, na mume wangu je? Na macho yake yanayozimika, na mashamba yangu yaliyojaa vyuma? Lakini alikuwa amelipakata lile bakuli, limeoshwa, linang'aa. Nilishindwa. Nikaurudisha ubao motoni, nikateleka sufuria juu yake.

Joram alirudi, akanawa, akala. "Leo ugali unanuka lami," akasema.

"Kuni mbaya," nikamjibu. Mama hakuinua uso.

Mama alifariki mwezi wa nane. Kwenye mazishi wakasoma wasifu wa marehemu, Joram ndiye aliyewaandikisha: ameacha watoto wawili, Rubeni na Joram. Watu wengine wakatazamana. Mimi nikainamisha kichwa, nikasema moyoni, sasa nitamwambia. Sikumwambia. Kila nikijaribu najiuliza, nitamwonyesha nini? Jivu? Atasema namtuliza kama mtoto, ili aache kwenda kutafuta. Au atanisadiki, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Mwezi uliopita amesikia kuna malori yamesimama porini kule Bukoba. Nauli hana. Akawaita watu wa chuma chakavu, akawaambia yale mengine wayaache, yana injini, wachukue lile la Nyansurura maana halina kazi. Wakaja na mitungi yao ya gesi. Tukasimama uani, mimi na yeye, moshi ukaanza.

"Mama Precious, wameanza upande gani?" akauliza. Haoni tena mbali.

"Mlango wa dereva."

Akatikisa kichwa. "Maskini. Sijui aliyeliendesha alikuwa mtoto wa nani."

Nikafungua mdomo. Nikamwambia uji unapoa.